Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu wa Mahakama za Uhamiaji Marekani: notisi ya kesi isomeke

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Tunakuandikia kuhusu karatasi moja tu: notisi ya tarehe ya kesi. Kituo chetu, kilichopo katika shule ya sheria, hushughulikia sheria na sera za uhamiaji, na miongoni mwa tunaowahudumia ni waombaji hifadhi wazungumzao Kiswahili, hasa kutoka mashariki mwa Congo. Notisi huwafikia kwa Kiingereza kitupu.

Chukua notisi iliyoandikwa 05/06, 8:30 A.M. Mahakama inamaanisha Mei 6, saa mbili na nusu asubuhi. Aliyezoea kutanguliza siku husoma tarehe 5, mwezi wa sita. Hata akiipata tarehe sawasawa, mtoto wa jirani anayemsomea atamwambia "saa nane na nusu", naye, kwa saa zetu, atafika mchana, jua la utosi limeshapita. Amri ya kuondolewa nchini itakuwa imetolewa tangu asubuhi. Kifungu cha 240(b)(5) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia kinaagiza hivyo, mradi serikali ithibitishe kwamba notisi ya maandishi ilitolewa na kwamba mtu huyo anastahili kuondolewa.

Kuifungua upya kesi hiyo ni kazi nzito. Ombi lipelekwe ndani ya siku 180, likionyesha sababu isiyo ya kawaida, kama ugonjwa mkali. Kukosea kusoma tarehe hakukubaliki kirahisi. Ambaye hakufikiwa na notisi anaweza kuomba wakati wowote, lakini huyu karatasi anayo mkononi. Na wakili wa kulipwa na serikali hana.

Jingine ni anwani. Anayehama hupeleka taarifa USCIS, idara ya serikali inayopokea maombi ya uhamiaji, akadhani amemaliza. Mahakama ina fomu yake, EOIR-33/IC, na muda wa kuipeleka ni siku 5 tangu kuhama. Asipoijaza, notisi inaendelea kwenda nyumba ya zamani.

Sheria ya 1990 ilitaka hati ya wito iandikwe Kiingereza na Kihispania. Mabadiliko ya 1996 yaliliondoa sharti hilo, lakini hayakumkataza yeyote kuongeza lugha.

Tunaomba nusu ukurasa wa Kiswahili uambatane na kila notisi ya mtu ambaye jalada lake linaonyesha lugha hiyo. Mwezi uandikwe kwa jina na kwa namba yake: "Mei, mwezi wa tano". Saa iandikwe "saa mbili na nusu asubuhi", pembeni 8:30 A.M. Fomu ya anwani itajwe kwa namba yake. Penye "mahakama" iongezwe "tribinali", penye "wakili" iongezwe "avoka", maana ndivyo Wakongomani wengi wanavyosema. Pia karani aulize kwanza lugha ya nyumbani: Mbembe au Mnyamulenge, mwenye lugha yake, akiandikiwa Kiswahili kwa mazoea tu, mkalimani wa siku ya kesi naye atakosewa.

Rasimu ya ukurasa huo tunayo, na tuko tayari kuikabidhi bila malipo.

Wanasheria na wakalimani wa kituo