Bustani za mapumziko zianze na kivuli

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maeneo ya wazi ambako familia za mijini huenda kupumzika mwishoni mwa wiki. Tangu Birkenhead Park ilipofunguliwa Uingereza mwaka 1847 kwa fedha za umma, miji mingi imekubali kwamba bustani si anasa ya matajiri. Hata hivyo, wanaozipanga huhangaikia zaidi lango la kupendeza na maua ya kupigia picha kuliko yale yanayoamua kama mama mwenye mtoto mchanga atashinda hapo au ataondoka baada ya dakika 20.

Kivuli ndicho kinachotangulia yote. Jua huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, yaani muda ule ule ambao watu hutoka na watoto, na mti mkubwa hupoza hewa kwa unyevu wa majani yake, jambo lisilowezekana kwa paa la bati. Nimeshuhudia familia ikihamisha mkeka mara tatu kufuata kivuli cha mti mmoja, bibi akiinuliwa kila mara na vikapu vikifuata nyuma.

Choo na bomba la maji sihitaji kuvieleza. Aliyewahi kutoka na watoto watatu anajua. Naziomba halmashauri, kabla ya kuongeza chemchemi nyingine ya mapambo, zipande miti na kuweka mabenchi chini yake.

Msomaji wako