Risala ya Wahitimu wa Uuguzi wa Afya ya Akili kwa Mgeni Rasmi

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuwa nasi katika mahafali haya. Tulipoambiwa umeukubali mwaliko tulifurahi, tukashangaa pia kidogo, maana wauguzi wa afya ya akili hatujazoea kutembelewa. Hata ndugu zetu wengine, tulipowaeleza kozi tuliyochagua, waliuliza kama nafasi za kozi nyingine zilikuwa zimejaa.

Ndugu mgeni rasmi, tukusimulie usiku mmoja wa mafunzo yetu ya vitendo. Mgonjwa alianza kupiga kelele, akapindua meza, akasema kuna watu wamekuja kumuua. Sisi wanafunzi tayari tulikuwa tunawaza sindano na mikanda ya kumfungia kitandani. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, akatutuma tuwaondoe wagonjwa wengine. Yeye akasimama kando ya mlango bila kuuziba, mikono yake ikionekana, akasema kwa sauti ya chini: "Naona umeogopa. Niambie umesikia nini." Halafu akanyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu mpaka sisi tukaanza kutokwa jasho. Baada ya kama dakika arobaini mgonjwa alikaa, akaomba maji, akameza dawa kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, kitabu kilikuwa na mstari mmoja tu: "Usiku umekuwa shwari."

Mstari huo ndio uliotufanya tuandike risala hii. Angechomwa sindano, pangeandikwa jina la dawa, kipimo, saa na sahihi. Zile dakika arobaini hazikuwa na pa kuandikwa. Basi anayepanga idadi ya wauguzi wa zamu anasoma kwamba usiku ulikuwa shwari, na anaona wawili wanatosha.

Mwaka 1952 muuguzi wa Marekani, Hildegard Peplau, alieleza kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe. Mwaka huohuo madaktari wa Paris walianza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa klopromazini, dawa ya kutuliza maradhi makali ya akili. Dawa ilienea dunia nzima. Wazo la Peplau tumelijibu kwenye mtihani, tukapata alama nzuri, kisha tukakuta wodini halina nafasi.

Hatusemi dawa ni mbaya. Bila dawa wengi wa wagonjwa wetu wasingerudi nyumbani. Lakini nazo zinataka muuguzi mwenye muda. Anayetumia klozapini, dawa nyingine ya maradhi makali ya akili, lazima apimwe chembechembe nyeupe za damu, kwani zinaweza kushuka hadi kiwango cha hatari. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, hupimwa kiwango cha dawa hiyo katika damu, na figo zake pia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa watu wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, mara nyingi kwa magonjwa ya mwili yanayozuilika. Mgonjwa wa akili akilalamika kifua kinambana, huambiwa ni mawazo tu.

Kuhusu kuwafunga wagonjwa na kuwafungia peke yao chumbani, tumefundishwa haki zao, ukiwamo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu. Tunaukubali kwa moyo wote. Ila muuguzi akilaumiwa kwa kufunga mtu, tunaomba aulizwe pia: usiku huo mlikuwa wangapi? Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020 zilionyesha kiwango cha kati cha watumishi 13 wa afya ya akili kwa kila watu 100,000 duniani, na wauguzi ndio kundi kubwa zaidi kati yao.

Sasa mafunzo endelevu. Mengi ni semina ya siku moja: slaidi, cheti, alama za kuhuishia leseni. Semina haimfundishi mtu kunyamaza mbele ya mgonjwa mwenye hofu. Hilo hujifunzwa kwa kukaa na mzoefu na kumwambia ukweli: jana nilimwogopa mgonjwa, juzi nilimkasirikia. Huo ndio usimamizi wa kitaalamu, na si kikao cha kuulizana nani alichelewa. Mgonjwa akijiua, swali la kwanza huwa fomu zilijazwa vipi, na kesho yake muuguzi yuleyule yuko zamu.

Ndugu mgeni rasmi, wewe unakaa kwenye vikao vinavyopanga watumishi. Tunaomba saa moja kila baada ya wiki mbili, iliyoandikwa ndani ya ratiba ya zamu, ambapo muuguzi mchanga atakaa na mzoefu. Isiwe baada ya kazi, maana baada ya kazi kila mtu anawahi nyumbani. Tunaomba pia fomu ya makabidhiano iwe na sehemu ya kuandika kilichofanyika kabla ya sindano kufikiriwa.

Mama yule wa zamu anakaribia kustaafu. Hajawahi kupangiwa muda wa kumfundisha mtu alichokifanya usiku ule, na sisi tulikiona kwa sababu tu tulikuwa tumepangwa zamu yake.

Tunaomba kuwasilisha.