Mke wangu alimwambia mteja anunue gari langu kwa kilo

Shangazi, salamu.

Nakuandikia saa tisa usiku na usingizi sina. Mama watoto amelala fofofo, na hilo nalo linanikera. Mtu anawezaje kutamka maneno kama yale halafu akalala?

Nianze na maneno yenyewe usije ukadhani natia chumvi. Jumamosi alikuja mteja kuliona gari langu, Land Rover ya zamani ninayoiuza. Si broka, ni mteja hasa, ana kambi ya watalii upande wa Nanyuki, na alikuja na makanika wake na tochi. Tulikuwa tumefika pazuri. Mimi nilitaka milioni moja na laki nane, yeye alishafika moja na nusu na usoni nilimwona bado anapanda. Mke wangu akatoka na chai, akaitua trei juu ya boneti (juu ya boneti, Shangazi, bila hata kitambaa), akamwambia huku anacheka: "Chukua tu hicho chuma chakavu, hata ukilipa kwa kilo sisi tutashukuru." Makanika akacheka. Mteja akacheka. Hata mimi nikacheka, ningefanya nini? Yule bwana alipomaliza chai yake akasema atanipa laki tisa.

Laki tisa si hoja, naomba unielewe hapo. Pesa huja na kwenda. Ni hiyo kilo.

Kwanza si kweli. Bodi ya Land Rover si chuma, ni alumini. Waingereza walipoanza kuyaunda mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, wakaona afadhali alumini ambayo ilikuwa inapatikana. Njoo na sumaku uiweke ubavuni nyuma pale, uone kama itanata. Chuma ni chesisi, na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Mke wangu haya nimemweleza tangu tuanze kukaa na hilo gari. Anayajua. Kwa hiyo aliposema chuma hakuwa amekosea kwa kutojua, alikusudia.

Pili, hajui lilikotoka. Au tuseme anapajua ila anajifanya amesahau. Ni Series III, yaani toleo la tatu, ya 1978, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na nilipoipata Naivasha kwenye shamba la watu kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Chesisi ilikuwa imeliwa na kutu kwa nyuma kiasi kwamba ukiichokoa kwa bisibisi inapita hadi ng'ambo. Nikalipandisha kwenye lori mpaka Kirinyaga Road, ambako sisi wengine bado tunapaita Grogan, nikatafuta fundi wa kuchomelea ambaye hakunicheka. Alikata kilichooza chote akaweka bamba la milimita tatu, na nilisimama hapo hapo kuhakikisha hafuniki kutu kwa rangi kama wanavyofanyiwa wasiokaa na fundi. Bodi ikaenda Kariobangi Light Industries kunyooshwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyepiga msasa milango yote minne, jioni baada ya kazi, mpaka kucha zikawa kijani.

Injini ndiyo inayozua maneno. Ile yake ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa imekufa, na hata ingekuwa hai ilikuwa inameza lita moja kwa kilomita tano, sita ukiwa na bahati. Kwa bei ya petroli ya sasa nani ataliendesha? Nikatia 3L ya Toyota, dizeli, ile ile iliyobeba abiria wa nchi hii kwenye Hiace, maana ukikwama Isiolo au Garissa kuna fundi anayeijua akiwa amefumba macho. Bamba la kuiunganisha na giaboksi ya Land Rover lilichongwa kwa mashine pale Industrial Area na halijawahi kulegea. Nikaweka pawa steringi, nikaweka buster ya kurahisisha breki, nikafunga taa za ziada. Grili ya plastiki iliyokuja na Series III niliitoa nikaweka ya chuma ya ile Series ya kabla yake, ambayo wazee walikuwa wakiichomoa safarini na kuchomea nyama.

Sasa kuna wale wanaopenda kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Alikuja mmoja, mzee mstaarabu tu, akainama akaiona injini, akainuka akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa maiti. Akaniambia nimeliharibu. Yule sikumkasirikia. Alisema kwa sababu anayapenda hayo magari, na tukaishia kuongea kuhusu springi mpaka giza. Unaona tofauti, Shangazi? Aliyesema nimeliharibu alikuwa analiheshimu kuliko aliyetaka kulipima kwa mizani.

Labda utauliza kama mke wangu ana haki ya kuchoka. Sikatai kwamba gari limekaa. Limekaa pale penye kona ya ploti ambapo yeye anataka kujenga vyumba viwili vya kukodisha, na amewahi kunichorea kwenye daftari. Binti yetu ameitwa chuo na karo inataka kulipwa. Haya yote nayajua, hakuna haja ya mtu kunieleza. Ndiyo maana nauza! Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika tangazo, mimi ndiye niliyepiga picha. Watu wanapiga simu usiku kuuliza "bei ya mwisho ngapi bosi" hata hawajaliona, na nawajibu kwa adabu. Stakabadhi zote ziko sawa. Injini ilipobadilika nililipeleka kukaguliwa Likoni Road, logibuku sasa inasema dizeli na namba ya injini ndiyo iliyo kwenye injini. Mteja akilipa ni kuingia eCitizen tu, ule mtandao wa serikali, mimi naanzisha uhamisho na yeye anaukubali. Mtu asiyetaka kuuza hahangaiki hivyo.

Yeye anasema nawafukuza wateja. Eti nawaambia makosa ya gari. Basi niwadanganye? Breki ni za ngoma pande zote, ukivuka maji zikalowa huvuta kushoto kwa muda, nani asiyejua hilo? Nilimwambia mteja mmoja. Nilimwambia pia kwamba ukipita kilomita 80 kwa saa injini inapiga kelele kwa sababu difu (gia za ekseli) za Land Rover ni za kuvuta mzigo, si za kukimbia. Na kwamba mvua ikipiga kwa upande maji kidogo yanaingia mguu wa abiria. Hayo ni mambo ya kawaida ya gari hilo, nisipoyasema mimi atayasema makanika wake. Mimi si broka. Mke wangu anasema broka angekuwa ameshauza mara mbili.

Na raba za milango nilizonunua juzi hazihusiani na chochote. Zilikuwa zimechakaa na gari likiuzwa liuzwe likiwa zima. Alipoona risiti alikaa kimya, akaiweka kwenye lile kopo la biskuti anakoweka zingine zote, na siku moja nilimkuta amezitandaza kitandani anapiga hesabu kwa simu. Sikumuuliza ilifika ngapi. Kuna pesa za chama chake ziliwahi kuingia wakati wa chesisi, hilo halina siri, na nilizirudisha, karibu zote.

Lakini turudi kwenye kilo. Nyumbani, tukiwa wawili, huo utani ni wa zamani. Hata 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, yeye ndiye aliyeniambia, "Pole baba, sasa hata wa mkokoteni hawezi kukuokoa." Nikacheka, na nilicheka kwa dhati. Ndani ya nyumba mtu anasema. Ila mbele ya mgeni aliyetoka Nanyuki na pesa yake? Mbele ya makanika ambaye kesho atawasimulia wenzake? Yule kijana anayenunua vyuma kuukuu hupita mtaani kwetu Jumapili na mizani yake, na Jumapili iliyofuata alipopiga kelele pale nje nilienda nikafunga geti, ingawa hajawahi kuniudhi maskini.

Na ningependa umuulize, kwa kuwa mimi akiniona nafungua mdomo anasema nimeanza: mvua ya 2024, ile iliyofurisha Mathare na kuua watu Mai Mahiu, barabara yetu ya ndani ikawa mto, mama yake akazidiwa usiku. Jirani alijaribu na Probox yake haikufika hata kwa kinyozi. Nani alimfikisha mama hospitali? Maji yalikuwa yanapita juu ya vikanyagio, mama amekaa katikati yetu mbele pale, ameshika dashibodi kwa mikono miwili anaomba kwa sauti. Hakuna aliyelipima siku hiyo. Mama mkwe mpaka leo akipiga simu analiulizia kama mtu: "Lile gari letu halijambo?" Gari letu. Mke wangu amesikia hilo kwa masikio yake.

Anachosema yeye ni kwamba gari halisomeshi mtoto. Sawa, lakini likiuzwa milioni moja na laki nane linasomesha, na likiuzwa kwa kilo halisomeshi. Hesabu hiyo nayo aifanye kwa simu.

Jana jioni yule mteja amepiga tena. Amesema moja na nne, anataka jibu kabla ya Ijumaa, la sivyo amepata jingine Timau. Mama watoto bado hajui. Sijamficha. Aliuliza "yule wa Nanyuki aliishia wapi", nikamwambia wateja ni wengi, ambayo ni kweli, wapo. Maana nikimwambia moja na nne, atasema nichukue leo hii, na itakuwa kana kwamba yale maneno yake yalisaidia kuuza. Na nikikataa akaja kujua baadaye, sijui. Sijui kama hapo napaswa kumwambia kwanza ndipo nijibu, au nijibu ndipo nimwambie.

Afadhali ampigie yule bwana, nimefikiria hivyo. Amwambie tu alikuwa anatania, kwamba mumewe amelitengeneza vizuri na si la kilo. Dakika mbili. Bei ingerudi moja na nusu, naapa. Na hata isingerudi. Nilimdokezea asubuhi moja wakati anapiga pasi, akanitazama kwa muda mrefu kisha akauliza, "Unataka nimuombe msamaha mteja, au gari?" Unamjibu nini mtu wa namna hiyo?

Kuna ndugu yangu mmoja amenishauri nisiuze kabisa, eti siku hizi yanapanda bei kwa kuwa hata yale ya Defender waliacha kuyatengeneza mwanzoni mwa 2016, na kwa sheria yetu ya kutoagiza gari lililozidi miaka minane mtu wa kawaida haagizi jingine kuukuu kutoka nje. Kwamba likiondoka limeondoka. Hoja yake ina mantiki. Lakini ndugu huyo hana mtoto chuoni, na yeye ndiye huniazima gari kila akienda mazishi, kwa hiyo simtegemei sana. Halafu mimi sijasema sitaki kuuza. Nimesema ningependa liende kwa mtu anayejua amenunua nini. Yule wa Nanyuki alionekana anajua, mpaka alipocheka.

Pengine hata nikipata moja na nane sitalala vizuri. Sina hakika. Usiku huu nimetoka mara moja kuangalia kama turubai imefunika vizuri, manyunyu yalikuwa yameanza, na yeye akaniita kutoka dirishani nirudi ndani kabla sijapata homa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu ambaye hajafanya kitu. Kisha akarudi kulala.

Niambie, Shangazi, je, ni sawa mke kumtania mumewe mbele ya mteja, kwa kitu alichokijenga kwa mikono yake? Na kama si sawa, nimwambieje bila yeye kugeuza mambo yakawa ni mimi na vyumba viwili vya kukodisha? Hilo la moja na nne unaweza kulijibu pia ukiwa na nafasi.

Tafadhali jibu kabla ya Ijumaa. Jina langu usilitaje, na pale nilipoandika rangi ya kucha zangu, toa hapo. Mtaani kwetu la rangi hiyo ni moja tu, na mama watoto husoma safu yako.

Msomaji wako,
Nairobi