Mabuyu niliyokuwa nikiuza langoni mwa shule

Mhariri,

Kwa miaka sita nimeuza mabuyu na achari nje ya lango la shule moja hapa Majengo, Mombasa. Mwezi uliopita niliyaacha mabuyu, na nataka wazazi na wauzaji wenzangu wajue kwa nini.

Buyu lenyewe halina ubaya. Ule unga wake mchachu una vitamini C nyingi, na bibi zetu walikuwa wakiukoroga kwa maji wakampa mtoto. Ubaya tunautia sisi jikoni. Kila kilo mbili za mabuyu nilizipikia kilo nzima ya sukari, iliki kidogo, na rangi nyekundu ya pakiti mpaka mwiko wenyewe ukashika wekundu. Yakikolea rangi ndiyo yanayotoka upesi.

Mjukuu wangu yuko gredi ya tatu. Alikesha akilia na jino, asubuhi nikampeleka kliniki. Daktari alipomwambia afunue kinywa, ulimi ungali mwekundu. Akaniuliza mtoto hula nini saa nne. Nilishindwa kusema, kwa sababu mabuyu yale alipewa na mimi.

Wengi wa watoto hawa hutoka nyumbani na chai ya rangi tu tumboni na shilingi 20 mkononi. Hizo hununua krispi na barafu ya rangi, ndio mlo huo hadi mchana. Mwenye hela zaidi hununua soda, na chupa moja ya mililita 300 ina sukari karibu gramu 30. Shirika la Afya Duniani linasema hata mtu mzima ni bora asizidishe kama gramu 25 kwa siku nzima. Seuze mtoto wa miaka minane!

Sasa nauza mbaazi za nazi, muhogo wa kuchemsha na vipande vya embe kutoka soko la Kongowea. Faida imepungua karibu nusu, sifichi. Ombi langu kwa walimu wakuu na serikali ya kaunti: msitufukuze sote kwa askari. Anayeuza chakula cha maana apewe kivuli ndani ya lango na mfereji wa kunawia mikono, na krispi na soda ziondolewe kwenye kantini.

Jana mbaazi zilikwisha kabla ya kengele. Muhogo ulibaki nusu sinia, kesho nitautia ndimu na pilipili kidogo.

Bibi muuza mbaazi,
Majengo, Mombasa