Okidi haichanui tena? Tazama dirisha kabla ya kununua mbolea

Wiki iliyopita mama mmoja alitushushia chungu kilichofungwa kwa kanga. "Dada, maji naipa, mbolea naipa, mwaka wa pili huu sijaona hata ua moja." Tulipofungua kanga, majani yenyewe yalitupa jibu: marefu, yamelegea, kijani kilichokoza kama kisamvu. Okidi inayopata mwanga wa kutosha huwa na majani ya rangi ya ndizi mbichi. Hii ilikuwa imekaa pembeni ya televisheni, hatua nne kutoka dirishani. Kwa macho yetu pale ni peupe, kwa mmea ni giza.

Okidi nyingi tunazouza ni Phalaenopsis. Kwao, kusini-mashariki mwa Asia, hujishikiza kwenye magome ya miti, na mwanga huifikia ukiwa umechujwa na matawi. Inataka mwanga mwingi, ila jua la mchana lisiipige. Sisi tunapenda dirisha la mashariki, kwa sababu jua la asubuhi ni pole. La magharibi liwekee pazia jepesi. Dirisha linalotazama Mlima Meru, yaani kaskazini kwa sisi wa Arusha mjini, linahitaji uangalifu zaidi: Desemba jua haliingii kabisa, lakini kuanzia Aprili hadi Agosti jua limehamia upande huo. Kwa hiyo mahali palipoifaa Krismasi panaweza kuiunguza Aprili.

Kipimo ni mkono wako. Saa nne asubuhi, unyooshe juu ya majani, kimo cha rula moja. Kivuli kikiwa na kingo laini, pazuri. Kikiwa cheusi chenye kingo kali, sogeza chungu nyuma. Usipoona kivuli, hapo hapafai.

Kuhusu joto, mchana nyuzi 20 hadi 28 za Selsiasi zinatosha. Baridi ya Juni na Julai inawatia watu hofu, wanaikimbiza okidi jikoni. Tunawaomba sana msifanye hivyo! Usiku wa nyuzi 16 hadi 18, kwa wiki nne hadi sita, ndio unaoamsha kikonyo cha maua. Isishuke chini ya 15 tu, na jani lisilale likigusa kioo. Halafu jikoni kuna ndizi zinazoiva, na gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva hudondosha matumba kabla hayajafunguka.

Okidi ya yule mama tumebaki nayo. Jani lililozoea giza likipelekwa juani ghafla hubabuka, likaota doa jeupe lisilopona, kwa hiyo tunaisogeza karibu na mwanga kidogo kidogo kwa wiki mbili ndipo irudi nyumbani.

Yako ikikusumbua, ilete, au njoo na picha mbili: moja ya majani, moja ya dirisha lenyewe iliyopigwa saa nne asubuhi. Kuitazama hatutozi.