Msimu wetu wa 1941: Jumamosi tunaingia Julai

Wadau habari za jioni, Jumamosi saa nane tupatane palepale Kondele tuendelee na mchezo wetu wa mezani wa besiboli, ule wa kadi na dadu tunaorudia msimu wa 1941 wa Marekani, hapa sasa ndio pametamu, timu za Boston na Yankees zinakutana tena kwa hivyo anayechezesha Yankees tafadhali usichelewe.

Nimesoma malalamiko yenu yote kuhusu Joe DiMaggio, mpigaji wa Yankees. Ni kweli mwaka huo alipata hiti (kupiga mpira na kufika besi salama) mechi 56 mfululizo, kuanzia 15 Mei mpaka timu ya Cleveland walipomzima 17 Julai, na kwenye mchezo wetu dadu zimemkatia huo mfululizo mapema sana, sasa wengine mnataka turudie hizo mechi. Mimi nakataa kabisa. Kadi yake imetengenezwa na takwimu za msimu mzima, inajua jamaa ni mkali lakini haijui atawaka siku gani, na hiyo ndio raha yenyewe, maanake hata Ted Williams, mpigaji wa Boston, anaweza pita ule wastani wake wa .406 (kama hiti 41 kwa kila mara 100 za kupiga) ama aishie chini. Dadu nyekundu ikitoa 6 na nyeupe 6 akiwa yeye ndio anapiga, mnajua vile nyumba hulipuka kwa kelele!

Kwa warushaji, wale wanaomtupia mpigaji mpira, lakini tukazane. Bob Feller wa Cleveland alirusha inningi (vipindi vya mechi) 343 mwaka huo, sawa, ila anayechezesha Cleveland usimpange kila mechi eti anashinda, apumzike kama wengine.

Alafu karatasi za matokeo mzinyooshe kabla ya kupiga picha, penseli haisomeki ikikunjwa, na mtume kabla ya Jumapili usiku ndio nipige hesabu za wastani. Mwenye ako na dadu za ziada abebe.