Mhariri, vidonda vya tumbo sio vya kumalizana navyo duka la dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa afya, maana hili jambo linaniumiza sana. Huku mtaani mtu akisema tumbo linawaka moto anaambiwa ni vidonda hivyo, acha pilipili, acha maharage, anaenda duka la dawa anachukua omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, anapata nafuu anaacha, baadae linarudi, na katikati hapo mgongo ukimuuma anameza diklofenaki ambayo yenyewe inaleta vidonda!

Madaktari wa hospitali ya Bugando hapa Mwanza walitoa utafiti mwaka 2011, wagonjwa 84 waliofanyiwa oparesheni baada ya kidonda kutoboka. Umri wa kati ulikuwa miaka 28, yaani vijana kabisa, na asilimia 69 walikuwa hawajawahi kutibiwa vidonda kabla ya hapo. Wengi walifika wakiwa wameshaugua siku tano sita, na karibu katika kila kumi mmoja alifariki. Kikishatoboka asidi na chakula vinamwagika ndani, hapo omeprazo haisaidii tena, ni kisu tu.

Na hiyo pilipili tunaionea. Daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa mwenyewe mwaka 1984 bakteria wa H. pylori, wanaokaa tumboni na ndio wanaoleta vidonda vingi, akaugua tumbo, yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel 2005, lakini sisi mpaka leo tunalaumu maharage.

Halafu vipimo. Maabara nyingi za mtaani wanakutoa damu wanakwambia unao hao bakteria, unapewa dozi. Kipimo kile kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili unatengeneza kupigana na bakteria, na kingamwili zinabaki kwenye damu muda mrefu hata bakteria wakishakufa, kwa hiyo mtu aliyepona anaambiwa bado anaumwa ananyweshwa antibayotiki upya. Kinachoonyesha kama wapo sasa hivi ni kipimo cha choo, cha kupuliza pumzi, au kamera ya kupitishwa mdomoni. Tena kabla ya kupima uwe umeacha omeprazo wiki 2 na antibayotiki wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kusema huna kumbe wapo. Nani anaambiwa haya pale dirishani? Na dozi ikiisha ukae wiki 4 upime tena, maana kuna bakteria wameshazoea klarithromaisini, antibayotiki inayotumika kuwaua, na maumivu kuisha sio ushahidi kwamba wamekufa, na wakikaa miaka mingi wanaweza kuleta kansa ya tumbo.

Ombi langu, pale mnapoweka matangazo ya dawa za kumaliza vidonda kwa siku chache wekeni na dalili za hatari kila wiki, kwa herufi kubwa: choo cheusi kama lami, kutapika damu, kukonda bila sababu, maumivu makali ya ghafla na tumbo kukakamaa. Mwenye choo cheusi, damu au maumivu hayo ya ghafla aende hospitali usiku huohuo, asisubiri kukuche.

Msomaji wenu,
Mwanza